Kutu, Pati na Neno "Orijino"

Wiki chache kabla ya binti yake kuripoti chuo, mjomba alinipigia simu akaniambia nifike Kongowe, ana kazi ya kuniandikisha. Mimi ni mwandishi wa habari, na kwenye ukoo wetu maana yake ni kwamba kila barua ya serikali ya mtaa, kila risala ya harusi na kila wasifu wa marehemu unaishia mikononi mwangu. Safari hii haikuwa risala. Lilikuwa tangazo la kuuza gari.

Gari lenyewe ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1967, mali ya marehemu babu. Babu alikuwa fundi umeme pale Shirika la Elimu Kibaha, lile lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao ndiye aliyemuuzia. Babu alilitumia mpaka macho yalipomkataza kuendesha, kisha likaegeshwa chini ya mwembe. Hapo likakaa zaidi ya miaka 20. Mimi nimelikuta hivyo. Nikiwa mtoto tulikuwa tunaokota mayai ya kuku kwenye kiti cha nyuma.

Sasa alikuwa amepatikana mteja. Mwenye hoteli upande wa Bagamoyo alitaka gari la zamani la kuweka getini, wageni wapige nalo picha, na siku mojamoja liweze kutembea. Alisema atatoa Sh12 milioni, kwa sharti moja: liwe orijino.

"Wewe andika tu," mjomba akaniambia. "Orijino asilimia mia, halijawahi kuguswa. Unajua kuyapanga maneno."

Kabla ya kuandika nikaomba tulione. Fundi bodi akaja na bisibisi. Hakusema kitu, alianza kuligongagonga, na kila alipogonga bisibisi ilizama. Akainua kiti cha nyuma, upande wa kulia, mahali ambapo gari hizi hukaa betri. Tukaona ardhi. Sakafu yote ya pale ilikuwa imeliwa. Mikanda ya chini ya milango, ile inayoibeba bodi, ilikuwa imebaki rangi tu kwa nje. Ndani ni unga mwekundu. Madigadi mawili ya nyuma yalikuwa kama chujio.

Fundi akatupa njia tatu. Ya kwanza, akate palipooza na kuchomelea bamba jipya, kipande kwa kipande, kazi ya miezi. Ya pili, tuagize vipande vipya kutoka nje, kwa sababu Volkswagen hii ilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, ya mwisho ikitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na mpaka leo kuna watu wanaofyatua sakafu, madigadi, milango na boneti zake. "Ukiagiza vyote, umepata bodi mpya. Unabaki na kadi tu." Ya tatu aliisema kwa sauti ya chini: "Au tupige pati, msasa, rangi. Wiki mbili. Hata Mjerumani mwenyewe hatajua."

Mjomba akanitazama. Nikajua mimi ndiye njia ya tatu inayenitegemea.

Wahenga walishasema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Nilikwenda nayo kichwani kama jibu tayari: cha kale kibovu ni bora kuliko kipya cha kuiga. Tuchomelee, yaishe. Lakini ukikaa na fundi nusu siku, methali hiyo inaanza kukuponyoka. Kukarabati gari lililooza ni kutoa cha kale na kutia kipya. Bamba atakalochomelea fundi wetu linatoka duka la vifaa vya ujenzi hapo barabara ya Morogoro. Halimjui babu. Halijawahi kuwa Volkswagen. Kwa nini bamba la dukani, lililokunjwa kwa nyundo na fundi wa Kongowe, liitwe ukarabati, halafu sakafu iliyofyatuliwa kwa vipimo vya kiwanda iitwe ya kuiga?

Swali hili lina umri mkubwa. Plutarch, Mgiriki wa zamani, anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus, kila ubao ukioza wanatia mwingine, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni merikebu ileile. Karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi: je, kama kuna mtu alikuwa anaziokota zile mbao kuukuu na kuziunga tena, merikebu ya Theseus ni ipi kati ya hizo mbili?

Kongowe mtu huyo wa Hobbes tunaye. Anapita kila asubuhi na toroli na mzani, anaita "vyuma chakavu!" Tofauti ni kwamba yeye haungi kitu. Kile anachookota kinapimwa kwa kilo, kinapelekwa viwandani, kinayeyushwa, kinatoka nondo. Kama ugari wa gari uko kwenye chuma chake cha kwanza, basi sehemu ya gari la babu itakuja kubeba dari la nyumba ya mtu huko Mlandizi, na hakuna atakayelipigia picha. Nikaona kwamba kwa kutazama chuma peke yake hatufiki popote.

Ipo kesi ambayo naipenda kwa sababu haikuamuliwa na wanafalsafa bali na jaji. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Uingereza, kulikuwa na ugomvi juu ya gari la mashindano aina ya Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mwenye gari alikubaliana na kampuni moja kuliuza kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akagoma kulipa: gari lilibadilishwa mno, likapata ajali mbaya Brooklands mwaka 1932, likavishwa bodi nyingine, na vipande vya ushindi ule vilivyobaki ni vichache sana. Jaji Otton alikubali kwamba si gari lilelile kwa maana ya vipande vyake. Lakini akaamua kuwa ni halisi, kwa sababu historia yake haikukatika. Hakuna siku gari hilo lilitoweka kisha likazuka lingine likachukua jina lake. Mnunuzi akashindwa.

Kwa hukumu ya namna hiyo, gari letu lina salama. Namba ya chesisi iko palepale, imegongwa kwenye mgongo wa katikati, chini ya kiti cha nyuma, na inalingana na kadi. Hata tukibadilisha sakafu na madigadi, bado ni la babu. Hapo nilipumua.

Kisha nikakumbuka mtepe. Mtepe ni chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za kumbi la nazi, bila misumari. Kamba huoza, kwa hiyo ilibidi kishonwe upya mara kwa mara. Kwa lugha ya leo, kilikuwa kwenye gereji siku zote, na hakuna nahodha aliyeulizwa kama ni kilekile. Mitepe ya kweli ilipotea katika karne iliyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar, mafundi waliujenga mwingine kwa kufuata mfano wa kale, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Ule ni wa kuiga, tena wa kuiga kabisa, hauna hata uzi mmoja wa kale. Lakini mikono iliyoujenga ilijifunza kushona ubao, na maelfu waliupita wakajua babu zao walisafiri na nini. Sioni uwongo wowote pale, kwa sababu haukumwambia mtu kwamba ulibeba boriti za mikoko mwaka 1850.

Na nyumba yenyewe iliyouhifadhi, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili walikufa. Siwezi kuufanya msiba huo kuwa mfano wa gari. Lakini unanifundisha kwamba neno ukarabati lenyewe si kinga. Kitu cha kale hakisimami kwa heshima tunayokipa. Kinasimama kwa kilichomo ndani ya ukuta.

Hapo ndipo nilipobadilisha swali. Nilikuwa nauliza kipi bora, kukarabati au kununua cha kuiga, kana kwamba kimoja ni cha kweli na kingine ni cha uwongo. Sivyo. Cha kuiga kinachosema jina lake ni mkweli. Mwaka 2021 kampuni ya Great Wall ya China ilionyesha Shanghai gari la umeme, Ora Punk Cat, linalofanana na kobe wetu kama pacha. Unaweza kulicheka, lakini hakuna atakayedai babu yake alilinunua kwa mgeni wa Nordiki. Na ukarabati unaweza kuwa mwongo kuliko pacha huyo. Bodi yetu ya kale, na namba yake halali, ikipakwa pati juu ya kutu, inakuwa uwongo wenye kadi.

Wanaojua gereji wanajua. Kutu inataka maji na hewa tu. Pati ukiipiga juu ya chuma kinachooza, kutu haifi, inafichwa. Unyevu unaingia pole pole, na kwa hoteli ya pwani kuna chumvi ya kuuharakisha. Kwanza rangi inafanya malengelenge, halafu inabanduka na pati yake. Fundi wetu alikubali nilipombana: "Bosi, misimu miwili ya mvua. Mitatu ukibahatika."

Mjomba naye alikuwa na hoja, na si hoja ya kudharau. "Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "yule bwana ana hoteli. Mzungu atapiga picha, atakwenda zake. Binti yangu ataingia darasani. Nani ameumia?"

Nilimjibu vibaya siku ile, nikamwambia habari za uaminifu kama mhubiri. Nimekaa nikaona jibu lingepaswa kuwa hivi. Kwanza, mteja hakuomba gari zuri. Angetaka zuri angenunua la faiba, rahisi zaidi. Aliomba orijino. Milioni 12 zilikuwa bei ya neno hilo moja, kwa hiyo kile ambacho tungemwibia ndicho hasa alichokuja kununua. Pili, kutu ikitoka, atakayetafutwa si mimi niliyeandika wala mjomba aliyepokea, ni fundi, na fundi anaishi kwa jina lake. Tatu, mimi kazi yangu ni kuandika watu waamini. Nikishaandika "halijawahi kuguswa" juu ya sakafu niliyoona ardhi kupitia kwake, sijui kesho nitaandika nini juu ya diwani na niaminike, hata na mimi mwenyewe.

Lakini kuna kitu mjomba hakukisema, nami nilikiona njiani nikirudi. Ukweli wangu ulikuwa wa bei nafuu kwangu. Si binti yangu anayesubiri ada. Ni rahisi sana kuwa mkweli kwa pesa ya mwingine, na sisi tuliosoma tunaupenda ukweli wa namna hiyo: tunatoa hukumu, tunapanda basi, tunawaachia wengine gharama. Kama nataka tangazo liwe la kweli, sehemu ya pengo ni yangu.

Basi nikarudi jumamosi iliyofuata, nikamsalimia vizuri, nikamwambia hivyo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Nusu?" Nikasema nusu.

Tangazo nililoandika lilikuwa fupi. Volkswagen ya 1967, imekuwa ndani ya familia moja toka miaka ya 70, injini na namba ya chesisi ni zake. Imeegeshwa zaidi ya miaka 20. Sakafu, mikanda ya chini na madigadi ya nyuma yameoza, yatabadilishwa kwa vipande vipya vya kuagiza. Milango, boneti na paa ni vya zamani, vina makovu, vimeachwa kama vilivyo. Hakuna pati. Fundi alifungua daftari la shule, akawa anaandika kila alichotoa na kila alichotia, na tarehe. Daftari hilo linakwenda na gari.

Mwenye hoteli alisoma, akaja kuangalia, akainama mwenyewe chini ya gari na tochi. Akasema kwa hali hiyo ni Sh7 milioni, na vipande alipe yeye. Mjomba alikubali bila kunitazama. Milioni 5 zilipotea kwa aya moja ya Kiswahili, na nusu yake naendelea kuilipa kidogo kidogo, muhula kwa muhula. Sitasema haiumi.

Siku gari linapakiwa kwenye lori, yule wa toroli alikuwa amepita asubuhi akachukua madigadi ya zamani. Mjomba alikuwa amebakiza kipande kimoja cha sakafu, kama kiganja, kimeliwa pembeni, akakiweka dirishani. Nikamuuliza cha nini.

"Hiki ndicho orijino," akasema, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka nami toka nilipokataa kuandika.