Kamari, hesabu na hiari ya mtu

Uraibu wa tabia ni kushindwa kuacha tendo ambalo mwenyewe anaona linamharibia maisha. Uraibu wa kamari umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022. Kasulu na Kibondo, kama kwingine Tanzania, sura zake ni mikeka ya mechi inayobetiwa kwa simu na mashine za dubwi zinazomeza sarafu za shilingi 200.

Wanasayansi huuchunguza kwa modeli za kompyuta. Modeli iliyo mashuhuri zaidi inasema kwamba baada ya kila tokeo, ubongo husogeza matarajio yake kidogo kuelekea kilichopatikana. Mwaka 1997 Schultz, Dayan na Montague walieleza kuwa seli za dopamini za nyani huenda sambamba na hesabu hiyo.

Chukua mfano wa kubuni. Mtu aliyeuza maharage anaingiza sarafu mara sita, yaani shilingi 1,200. Mara tano haambulii kitu; mara moja mashine inatema 1,000. Amepoteza 200. Lakini ikiwa ushindi mmoja unamsogeza mara tano zaidi ya hasara moja, basi akiendelea kucheza hivyo, matarajio yake yatazunguka kwenye faida ya shilingi 300 kwa kila mchezo. Anaposema "leo inatoka", hadanganyi. Anasema kile ambacho ubongo wake umekokotoa.

Je, bado ana dhambi? Paulo, katika sura ya saba ya Waraka kwa Warumi, analia kwamba hutenda uovu asioutaka. Modeli inaonyesha njia mojawapo ya jambo hilo kutokea. Haiwezi kusema kama tendo ni ovu, kwa kuwa ndani yake mna namba tu. Inachofanya ni kuhamisha mahali pa uamuzi: mbele ya mashine hiari ni dhaifu, nyumbani kabla ya kutoka bado ina nguvu. Ndiyo maana agizo la Surat al-Maida, aya ya 90, lina uzito wa pekee: linaamuru kamari iepukwe kabisa, halingoji mtu ashindwe kwanza.

Mchezaji basi anawajibika kwa hatua zinazompeleka mchezoni. Mwenye mashine anawajibika zaidi, kwa sababu kati ya hao wawili ni yeye pekee anayeijua hesabu yote.