Haki ya Mwili wa Mgonjwa wa Akili

Ndugu mmoja ametujia baada ya darsa akatuuliza: ikiwa Sharia imemwondolea mwendawazimu sala na saumu, je, sisi jamaa zake tuna wajibu gani zaidi ya kumlisha, kumvika na kumfungia ndani asidhurike? Mwanawe, kijana wa miaka 30, ana maradhi yaitwayo skizofrenia. Husikia sauti wasizozisikia wengine, na amejitenga na watu. Humeza dawa zake, hulala, huvuta sigara, hulala tena. Na kila mwaka azidi unene.

Twasema: taklifu iliyomwondokea mgonjwa haikupotea hewani. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na mwenyewe akishindwa kuichunga, huchungwa na walii wake, kama ichungwavyo mali yake. Ajabu ni kwamba mali ya mgonjwa twaihisabu senti kwa senti, na mwili wake twauacha uchakae kitandani.

Wala si jambo dogo. Wenye maradhi mazito ya akili hufa miaka 10 mpaka 20 kabla ya wenzao, na wengi wao huuawa na maradhi ya mwili kama ya moyo, sukari na mapafu. Baadhi ya dawa zenyewe, kama olanzapini na klozapini, huongeza uzito na sukari. (Asifahamu mtu kwamba twasema ziachwe! Kuziacha bila ya shauri la daktari ni kumrudisha mgonjwa katika dhoruba.) Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo makhsusi juu ya afya ya miili ya wagonjwa hawa, na mazoezi yamo. Watafiti wameona kuwa mgonjwa atembeaye kwa haraka au aendeshaye baiskeli mara kadhaa kwa juma huongezeka pumzi, humpungua huzuni, na maisha yakamrudia ladha. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliieleza riyadha kwa urefu katika Kanuni yake. Basi hatuleti bidaa.

Je, yafaa kumlazimisha? Hapa tulisita. Maradhi haya huua hamu yenyewe, hata mtu akadhaniwa mvivu naye si mvivu; kwa hivyo kumngoja mpaka apende mwenyewe huenda ikawa ni kumngoja milele. Lakini kumburura ni kumdhalilisha, na aliyedhalilishwa hatoki mara ya pili. Tuionavyo sisi, asiambiwe “nenda”, aambiwe “twende”. Na amwambiaye awe amekwisha vaa viatu. Leo mpaka pembe ya mtaa, juma lijalo mpaka ufukweni, na siku akikataa, akaliwe nae barazani.

Ndugu yetu alinyamaza, kisha akasema: “Sheikh, watu watamwona.” Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli ya mlango wake, wala si khofu ya kijana kudhurika. Tulimwambia tutapita kwake Jumamosi baada ya sala ya alasiri, tutoke watatu.