Ramadhani, Siku ya 17: Aliyekuuma ni Mmoja



Ndugu zangu, ukipanda mwembe ukawakuta majimoto, utashuka mwenyewe! Lakini tazama kazi yao. Wanashona majani kwa uzi unaotoka kwa watoto wao, kwani wakubwa hawana uzi. Na kwenye minazi na mikorosho yetu wanawinda wadudu wanaoharibu matunda machanga. Siafu nao wakipita nyumbani kwa msafara, mende wanakwisha.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Nabii mmoja aliumwa na mdudu chungu, akaamuru kijiji chao kichomwe moto. Allah akampelekea wahyi wa kumlaumu: aliyemuuma ni mmoja, naye kateketeza umma mzima unaomsabihi.

Sasa tujiulize. Ami mmoja kakudhulumu shamba la mirathi, na wewe umekata mguu nyumba nzima, hata kwa shangazi na watoto wasiojua lolote. Haki yako idai, tena kwa huyo huyo. Wengine wamekukosea nini?

Leo kabla ya magharibi mpigie simu mmoja ambaye hakukuuma. Ukimpelekea na sahani ya futari, kheri zaidi.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.