Tusimpeleke Tukamwacha

Wanangu, na nyinyi wazazi wenzangu, kaeni nizungumze nanyi. Umri umekwenda na maneno mengi siyawezi tena, lakini hili haliniachi nikalala. Hapa Unguja nimekaa matanga mengi ya vijana ambao hatusemi walikufa kwa nini. Tunasema homa, tunasema presha, tunasema siku zake zilifika. Hitma inasomwa, wali unaliwa, watu wanatawanyika. Na nyumba ya tatu kutoka hapo, kijana mwengine anavuta unga chooni huku mama yake akinunua kufuli jipya la kabati. Waliotutangulia walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi hata kilio kikishatufichua, bado tunaendelea kuficha.

Ninalotaka mlishike ni moja. Msaada upo, tena karibu kuliko mnavyodhani. Kinachokosekana ni sisi. Tunampeleka mgonjwa, tunageuza mgongo, kisha tunamlaumu kwa kutopona.

Heroini, ndiyo huo unga, iliingia mwambao huu wetu miaka ya 1980. Kwanza ilivutwa, baadaye ikaja ya kudungwa, na bomba moja likawa linapita mikono mingi. Hivyo ndivyo UKIMWI na homa ya ini vilivyopata njia ya kuingia majumbani mwetu. Kwa miaka mingi mwenye mtoto anayetumia hakuwa na pa kumpeleka ila kituo cha polisi, wodi ya wagonjwa wa akili, au chumba cha nyuma chenye mnyororo. Siku hizo zimepita. Mwaka 2009 ilifunguliwa hapa kwetu nyumba ya kwanza ya kupata nafuu, hizi tunazoziita soba. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ikaanza kutoa methadoni, na baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mwaka 2015 dawa hiyo ikafika hapa Unguja, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, na mwaka huo huo ndugu zetu wa Malindi na Kisauni, Kenya, wakafunguliwa kliniki zao. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakuna njia.

Sikilizeni namna njia hizo zinavyofanya kazi, maana wengi wanazisema vibaya kwa kutozijua. Mwenye uraibu wa unga akikosa kete, arosto humshika baada ya saa chache. Mifupa inauma, tumbo linaendesha, jasho na makamasi vinamtoka, usingizi haupo, na siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Hapo ndipo anapoiba simu ya mama yake. Ni maumivu yanayomsukuma, wala hajaacha kumpenda. Methadoni ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, na kipimo kikikaa sawa huondoa arosto bila kumlewesha. Kijana anaweza kwenda kazini, kula, na kulea mwanawe. Hailipiwi. Kinachowashinda wengi ni kwamba inatakiwa kila siku. Mtu wa Nungwi au Makunduchi atapata wapi nauli ya kuja mjini na kurudi, leo, kesho, na mwezi mzima? Hapa jamii ina kazi yake ya wazi. Msikiti unaochangisha mazulia unaweza kuchangisha nauli. Wenye daladala wa kijiji kimoja wanaweza kukubaliana kumbeba mgonjwa wao.

Soba ni njia nyengine. Mtu hukaa humo miezi kadhaa, mbali na maskani wanakokutana watumiaji, akiamka mapema, akifanya usafi na kuhudhuria mikutano. Wanaoziendesha wengi wao ni watu waliotumia wenyewe wakaacha. Wanafuata hatua kumi na mbili zilizoanzia Marekani kwa walevi wa pombe, katika chama kilichoanzishwa mwaka 1935 na watu wawili waliogundua kwamba mlevi humsikiliza zaidi mlevi mwenzake aliyeacha. Na ni kweli. Mimi nikimwambia kijana "acha", ananiitikia kwa heshima tu. Akiambiwa na aliyelala barazani kama yeye, aliyewahi kuuza viatu vyake apate kete, anainua kichwa.

Nawasihi muache ugomvi huu wa kusema wa methadoni hajaacha, au wa soba anapoteza wakati. Huyu imemfaa hii, yule imemfaa ile. Mwenye kuvuka amevuka.

Ila msimtupe mtoto popote penye kibao mlangoni. Ulizeni kwanza. Nyumba imesajiliwa? Kuna muuguzi au daktari anayefika? Wanapiga? Wanafunga watu? Ndugu wanaruhusiwa kumtembelea? Akitoka, nani atamfuatilia? Mahali wanapopiga na kufunga, mwondoeni. Mnyororo haujamponya mtu. Na kama maradhi yake ni pombe, ya kila siku na ya miaka mingi, msimfungie ndani aiache ghafla. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kushikwa na degedege na kuweweseka, na mtu akafa. Huyo aanzie hospitali.

Sasa nakuja kwenye jambo linalotuua zaidi, nalo ni kurudi. Kijana ametoka soba, amenawiri, amenenepa mashavu, na mama amepika pilau. Wiki ya kwanza watu wanampongeza. Wiki ya pili hakuna anayempa kazi. Wiki ya tatu kitu kimepotea mtaani, na macho yote yanamgeukia yeye. Maskani ndiko anakoitwa jina lake kwa furaha, basi anakwenda maskani. Hapo jueni hili, mlikariri kama mnavyokariri dua: mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani. Anatumia kile alichokizoea, na pumzi zinakatika. Wengi tunaowazika ni hawa waliokuwa wamepona. Mkimkuta mtu hazinduki, midomo imebadilika rangi, anakoroma au pumzi zinakuja moja moja kwa kuchelewa, mlazeni kwa ubavu, msimwache peke yake, na mkimbizeni hospitali. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha ikiwahi. Msipoteze dakika kwa kuogopa majirani watasema nini.

Na akianguka akarudia, msiseme basi. Maradhi haya ni ya muda mrefu kama sukari na presha. Mgonjwa wa sukari akila halua tunamrudisha kliniki, hatumfukuzi nyumbani.

Jengine tunalolikwepa ni akili. Wako walioanza unga kwa sababu ya moyo mzito usiokuwa na jina. Wako wanaosikia sauti, wakatafuta bangi iwatulize, ikawazidishia. Wako walioacha unga, na siku ulipotoka ndipo huzuni yote ya nyuma ikafumuka. Ukitibu kimoja ukaacha cha pili, vyote vinarudi. Lakini sisi tumeligeuza jina la Kidongo Chekundu kuwa tusi la kurushiana barabarani, ndiyo maana mtu anakubali kuangamia kuliko kuonekana akiingia pale. Dua someni, kombe mnyweni, sikukatazeni. Ila dua isiwe sababu ya kuacha dawa, na mwenye kuwaambia mwache vidonge ili tiba yake ishike, mwacheni yeye.

Wenzetu wa Zimbabwe wametupa somo ambalo sisi wazee linatuhusu hasa. Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, aliona madaktari kama yeye ni wachache mno kwa nchi nzima. Akawafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kumsikiliza mtu aliyezongwa na mawazo, wakikaa naye kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hahubiri wala hakemei. Anamwacha mtu aseme, kisha wanachagua pamoja shida moja ya kuanza nayo, na mtu anaondoka na hatua ya kufanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanangu, sisi tuna baraza kila mlango. Tunazitumia kwa bao, kahawa na kusengenya. Kwa nini isiwepo baraza moja kwa kila mtaa ambapo mtu anaweza kukaa akasema, na asisikie habari zake sokoni kesho yake?

Mama mwenye mtoto anayetumia, nawe unaugua. Usijifungie. Tafuta akina mama wenzako wenye mtihani huo huo, mkutane. Fedha mkononi usimpe, mlango usimfungie. Na mwenye binti, kumbuka kwamba aibu tunayombebesha msichana ni mara mbili ya kaka yake, na nyumba za wanawake za kupata nafuu ni chache. Msimfiche hadi akaharibika.

Imamu na padri, litajeni jambo hili mimbarini kwa jina lake, na mtaje wapi tiba inapatikana kabla ya kutaja moto. Masheha na wenyeviti wa mitaa, yajueni majina ya vituo vya eneo lenu, mtu akija kuuliza asizungushwe. Kwa wenzetu wa Bara, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa namba 119. Kenya, NACADA wanapokea kwa 1192, bure pia.

Na wewe kijana unayetumia: hujachelewa. Nenda hata kama bado umelewa, nenda hata kama uliwahi kwenda ukashindwa. Kama miguu haikubebi, mwambie mtu mmoja tu unayemwamini akusindikize.

Wito wangu ni huu. Wiki hii ulizeni kituo kilicho karibu na nyinyi kiko wapi, na mkijue kabla hamjakihitaji. Aliyekwenda, mtembeleeni. Aliyerudi, mwiteni kwa jina lake, msimwite teja. Mpeni kazi, hata ya kufagia duka, na mumlipe kama mnavyomlipa mwengine. Tiba inaanzia kliniki, lakini mtu anaponea mtaani kwake, kwa watu wake, na watu wake ni sisi.