Haki ya Nafsi na Haki ya Ahali



Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa kuihurumia nafsi ni uvivu, na kwamba mwema wa kweli ni yule anayejichosha mpaka aanguke. Dhana hii haina asili katika dini yetu, na madhara yake huanzia nyumbani.

Itazame habari ya masahaba wawili, Salman al-Farisi na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunga udugu huko Madina, baada ya Hijra ya mwaka 622. Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta Ummu Dardaa hakujipamba, nguo zake duni. Alipomwuliza sababu, akajibiwa kuwa nduguye hana haja tena na dunia. Abu Dardaa akaja, akamwandalia mgeni chakula, lakini mwenyewe amefunga saumu ya sunna. Salman akakataa kula mpaka wale pamoja. Usiku, kila Abu Dardaa alipotaka kusimama kusali, Salman alimwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku wakaamka, wakasali wote wawili. Ndipo akamweleza kuwa Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake na ahali wana haki yao. Basi ampe kila mmoja haki yake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari hiyo alimsadiki Salman.

Zingatia mambo mawili hapa. Kwanza, dhiki aliyojitia Abu Dardaa ilijulikana kwa nguo za mkewe. Anayeidhulumu nafsi yake huwafikishia dhuluma hiyo walio karibu naye. Pili, Salman hakumkemea. Alikula naye, akalala kwake, akaamka naye. Kwa wema huo akamfundisha kujitendea wema.

Huenda ukauliza: je, hatukuamrishwa kupigana na nafsi? Naam, tupigane na matamanio yake, lakini tusiinyime haki yake. Nahodha haliachi jahazi liende litakako; hushika usukani. Hata hivyo, wakati wake ukifika hulipandisha pwani, akalitia kalafati na kulipaka sifa. Akisema hana nafasi kwa kuwa abiria wanamngoja, ni abiria hao hao atakaowazamisha.

Basi tujiangalie. Mama ameamka kabla ya alfajiri, amepika, amemuuguza mkwewe, amewaandaa watoto. Jioni anamkaripia mwanawe kwa kikombe kilichovunjika. Usimhukumu kuwa mkali, maana amechoka. Nawe mume unayecheka barazani kisha ukanuna ukumbini, mapumziko yake yamo mikononi mwako. Mpokee mtoto, teka maji, mwache alale kidogo. Utaona hata usingizi wako unakuwa mtamu, kwani moyo hutulia pale ulipomtuliza mwenzio. Na wewe mama, ukipewa nafasi hiyo usione haya kuipokea. Ukilala kwa nia ya kupata nguvu ya ibada na ya malezi, kulala huko nako kuna thawabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tumpe kila mwenye haki haki yake. Amin.