Kidole na Ulimi

Somo: Yoshua 22:10–34



Wahenga walisema: Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Waliosema hivyo walitembea pekupeku katika njia za mawe na visiki. Walijua kwamba kidole kikigonga kisiki damu hutoka, maumivu huja, na baada ya siku chache jeraha hupona. Lakini neno likiisha kutoka kinywani halirudi. Kwa hiyo walitenga vitu viwili, huku kidole na huku ulimi, wakaona kwamba hatari iliyo kubwa iko upande wa ulimi.

Siku hizi vitu hivyo viwili vimekutana. Mtu huwa amelala kitandani usiku, kinywa kimefumbwa, nyumba nzima kimya. Anagusa kioo cha simu kwa kidole kimoja, na papo hapo habari imewafikia watu mia mbili: wengine Dar es Salaam, wengine Muheza, wengine Nairobi, hata mpwa wake aliye Uingereza. Hakutamka neno, lakini amesema. Kidole chake kimefanya kazi ya ulimi. Kwa hiyo yatupasa tuitazame simu hii kwa mwanga wa Neno la Mungu, kama tunavyoyatazama mambo mengine ya maisha yetu.

Tukitoka kanisani Jumapili husikia maoni ya namna mbili juu ya simu, kompyuta na intaneti. Wako wasemao kwamba vitu hivi ni vya Shetani, vimeharibu vijana, na heri visingalikuja. Wako wengine wasemao kwamba haya ni maendeleo, na anayeyatilia shaka ni mtu wa zamani, aachwe na uzee wake. Nchi yetu ya Tanzania imekwisha kuonja pande zote mbili. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilikwisha zamani, na leo kompyuta iko mfukoni mwa mwenye kuuza mchicha sokoni. Kukatazwa hakukuizuia isije. Wala kuja kwake hakukutufanya kuwa watu wema kuliko baba zetu.

Sisi Waanglikana hatuna sababu ya kuvichukia vyombo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alitumia mashine ya kupigia chapa, na vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kazi hiyo. Kwa njia ile Maandiko na sala vilianza kusomwa kwa Kiswahili. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, na katika miaka hiyohiyo mashine ile ilikuwa ikifanya kazi ya Mungu. Herufi zake za risasi zingaliweza kupangwa kuwa Injili, na zingaliweza kupangwa kuwa matusi. Mashine haikuchagua, aliyechagua ni mtu aliyezipanga. Ndivyo ilivyo simu. Leo wako wanaosomea Biblia humo, na wako wanaochafulia humo jina la jirani.

Sasa tulitazame somo letu. Wana wa Reubeni, wana wa Gadi na nusu ya kabila la Manase waliwasaidia ndugu zao vitani, kisha wakarudi katika nchi yao ng'ambo ya Yordani. Karibu na mto wakajenga madhabahu kubwa, iliyoonekana kwa mbali. Habari zikawafikia Waisraeli wengine: wenzetu wamejenga madhabahu yao wenyewe! Mara hiyo mkutano wote ukakusanyika Shilo, tayari kwenda kupigana nao, kwa maana walidhani ndugu zao wamemwasi Mungu.

Angalieni jambo moja. Habari ile haikuwa ya uongo. Madhabahu ilikuwako kweli, na mtu yeyote angaliweza kwenda kuiona. Kama wangalikuwa na simu, wangaliipiga picha, na picha ingalikuwa halisi. Kilichokosekana ni maana yake. Walikuwa na nusu ya habari, na ile nusu ilitosha kuwashikisha silaha.

Lakini kabla ya kuvuka mto kwa vita, walimtuma Finehasi mwana wa Eleazari, kuhani, pamoja na wakuu kumi. Wazee hawa walikwenda mpaka Gileadi, wakauliza. Waliuliza kwa ukali, lakini waliuliza, na wakangoja jibu. Wakaambiwa: madhabahu hii si ya kutolea sadaka. Tuliogopa kwamba siku moja watoto wenu watawaambia watoto wetu kwamba mto huu ni mpaka, nao hawana sehemu katika Bwana. Kwa hiyo tuliijenga iwe ushahidi kwamba sisi nasi ni watu wake. Finehasi akaridhika, akarudi akawaeleza watu, nao wakamhimidi Mungu, wala hawakusema tena habari za vita. Makabila mawili na nusu yaliokolewa na swali moja lililoulizwa kwa wakati wake.

Ndugu zetu, yako mahali pengine ambapo swali halikuulizwa. Nchini India, mwaka 1718 haukuwa na simu. Lakini mwaka 2018 simu zilikuwa mikononi mwa watu wengi, na ujumbe ulisambaa kwamba kuna wezi wa watoto wanaozunguka vijijini. Tarehe 1 Julai mwaka ule, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, walifika wanaume watano wa jamii ya watu wanaohamahama na kuishi kwa kuomba sadaka. Watu waliwadhania kuwa ndio wezi wenyewe, wakawapiga mpaka wakafa wote watano. Hawakuwa wameiba mtoto yeyote. Walikuwa maskini waliokuja kuomba.

Moja ya filamu fupi zilizosambazwa India wakati wa uvumi ule ilionyesha mtoto akichukuliwa na mtu wa pikipiki. Filamu ile ilitengenezwa Karachi, nchini Pakistan, kuwafundisha wazazi wawalinde watoto wao. Mwishoni mwake mtoto hurudishwa, na maelezo hutolewa. Mtu fulani alikata mwisho ule, akaisambaza sehemu iliyobaki. Ni kama ile madhabahu ya Yordani: kilichoonekana kilikuwako kweli, lakini nusu yake ilikatwa. Na kati ya maelfu waliosukuma filamu hiyo mbele kwa vidole vyao, aghalabu kila mmoja alidhani anawasaidia wazazi wenzake.

Hapo ndipo penye hatari kwetu sisi waumini. Sisi hatusambazi kwa chuki. Twasambaza kwa huruma, na kwa haraka. Twaona picha ya mtoto aliyepotea, dawa ya kisukari isiyohitaji daktari, habari kwamba mzee fulani amefariki, onyo juu ya chanjo au juu ya namba ya mnyama, na moyo unasema: wenzangu wajue. Tunaipeleka kwenye kundi la kwaya, la Umoja wa Akina Mama, la jumuiya, la ukoo. Na huko yule anayeipokea hamtazami aliyeitunga, kwa maana hamjui. Anakutazama wewe. Anasema, “Hii imetoka kwa mzee wa kanisa, haiwezi kuwa uongo.” Uaminifu uliojengwa kwa miaka thelathini umetumika kuubeba uongo wa mtu usiyemfahamu. Na kama mgonjwa wa kisukari akiacha sindano zake kwa sababu ya ujumbe ule, nani atajibu?

Wengi husema, “Mimi nimepeleka tu kama nilivyopokea.” Udhuru huo hausimami mbele ya Maandiko. Kutoka 23:1 hutukataza kuichukua na kuieneza habari ya uongo, si kuitunga peke yake. Na Katekisimo ya Kitabu cha Sala, ile ya mwaka 1662, inapoeleza wajibu wetu kwa jirani, hutaja mikono na ulimi mahali pamoja: mikono ijiepushe na wizi, na ulimi ujiepushe na uongo na masingizio. Amri ya nane na amri ya tisa zimekaa kama majirani. Leo mkono mmoja wenye simu waweza kuzivunja zote mbili, ukamwibia mtu jina lake jema kwa kumshuhudia uongo. Sheria ya nchi nayo imo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu juu ya habari za uongo. Lakini Mkristo hangoji polisi ndipo awe mkweli.

Hata kampuni yenye WhatsApp iliona hatari hii. Mwaka 2018 ilianza kutia alama kwenye ujumbe uliopelekwa mbele kutoka kwa mtu mwingine. Januari 2019 iliweka kikomo, dunia nzima, mtu asiupeleke ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi uliruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa mara moja. Mtume Yakobo, katika sura yake ya tatu, ananena juu ya lijamu itiwayo katika kinywa cha farasi. Ikiwa wafanyabiashara wametia lijamu katika chombo chao, je, sisi tuliobatizwa tutashindwa kutia lijamu katika vidole vyetu?

Sisi tuliofundisha watoto twaujua mchezo wa kunong'onezana. Mtoto wa kwanza hunong'onezwa neno, naye humnong'oneza wa pili, mpaka wa mwisho. Na neno likitajwa kwa sauti, darasa zima hucheka, kwa sababu limebadilika. Umbea wa zamani ulikuwa hivyo. Ulichakaa njiani, na kila mtu alijua kuwa ni umbea. Ujumbe wa simu hauchakai. Hufika kwa mtu wa elfu ukiwa safi kama ulivyotoka, na picha yake, na jina la daktari ambaye pengine hayuko duniani. Kwa hiyo yatupasa tuwe waangalifu kuliko mama zetu waliokutana kisimani. Tushike mambo manne.

Kwanza, tungoje. Habari njema haiozi kwa saa moja. Haraka haraka haina baraka.

Pili, tuulize. Finehasi alivuka mto mzima. Sisi twaweza kupiga simu ileile. Kama habari ni ya msiba, tuulize jamaa. Kama ni ya dawa, tumwulize mganga wa zahanati au muuguzi. Kama ni ya Kanisa, tumwulize Padre. Kama habari inamtaja mtu kwa jina, tumwulize mwenyewe kwanza. Hakuna aliyepungukiwa na heshima kwa kuuliza.

Tatu, tusiogope vitisho. Wenye umri wanazikumbuka zile barua za kunakiliwa: andika nakala nyingi, uwapelekee wengine, utabarikiwa, ukikatiza, utapatwa na balaa. Zimerudi katika simu, zikiwa na picha ya msalaba. Mpendwa, futa bila hofu. Neema ya Mungu ilinunuliwa msalabani. Haipatikani kwa kutuma ujumbe kwa watu kumi, wala haiondoki kwa kuacha kutuma.

Nne, uongo ukiisha kupita kwetu, turudi palepale tulipoupeleka. Mtu akipeleka kwa kundi zima kisha akasahihisha kwa kumnong'oneza mmoja, hajasahihisha. Aandike katika kundi lilelile: habari ile si kweli, tafadhali msiipeleke. Na sisi wengine tumpokee kwa shukrani, tusimcheke, ili na mwingine apate moyo wa kufanya hivyo. Vijana wanaojua namna ya kuchunguza picha wawasaidie wazee kwa adabu. Na mzee asione vibaya kuonywa na mjukuu wake.

Hatusemi kwamba tunyamaze. Katika 2 Wafalme 7 wakoma wanne waliikuta kambi ya Washami tupu na chakula tele, wakati mji wa Samaria ulikuwa ukifa kwa njaa. Walianza kula na kuficha vitu, kisha wakaambiana kwamba si vema kukaa kimya siku ya habari njema, wakaenda kuupasha mji. Lakini angalieni: walikuwa wameingia kambini wenyewe, wameona na kushika kwa mikono yao. Na mfalme hata hivyo alituma watu wakahakikishe kwanza, wala wakoma hawakukasirika. Kweli haiogopi kuchunguzwa. Simu ikibeba kweli ya namna hiyo, habari ya mgonjwa anayehitaji damu, ya mjane aliyekosa chakula, ya ibada, ya faraja, basi kidole kifanye upesi.

Na tumwombe Mungu:

Ee Bwana Yesu, uliye Kweli, ulishuhudiwa uongo mbele ya makuhani wala hukumshuhudia mtu uongo. Ulinde ulimi wetu na vidole vyetu. Utupe subira ya kungoja, unyenyekevu wa kuuliza, na ujasiri wa kusahihisha. Uwaponye wote waliojeruhiwa kwa maneno tuliyoyabeba bila kuyajua, ukatufanye mashahidi waaminifu kwa jirani zetu, sasa na hata milele. Amina.