Kuvunjika kwa Koleo

Wazee wetu walisema ya kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Neno hili twalikubali upesi, kwa kuwa mhunzi aweza kufua koleo jingine. Lakini je, ikiwa koleo lenyewe ni kiungo cha mwili, kisichofuliwa wala kununuliwa? Hapo ndipo yafaa tupime kama neno la wazee lasimama.

Palikuwa na mwigizaji wa Kiingereza, jina lake Jack Hawkins, aliyezaliwa London mwaka 1910. Baada ya vita kuu ya pili alipendwa sana na watazamaji wa senema katika nchi yake. Katika The Cruel Sea ya mwaka 1953 alikuwa nahodha wa manowari. Katika Ben-Hur ya mwaka 1959, mkuu wa merikebu za Warumi. Katika Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, Jemadari Allenby. Watu walimjua kwa sauti yake, sauti ya mtu aliyezoea kuamuru akatiiwa.

Lakini alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na saratani ikamshika kooni. Mwaka 1966 madaktari walikiondoa kikoromeo chake ili kumwokoa, na sauti ile ikatoweka.

Wengi wangalisema, "Amekwisha." Yeye hakuiacha kazi. Aliendelea kuigiza, kama katika Waterloo ya mwaka 1970, uso na macho na mwendo vikiwa vyake, na maneno yakisemwa na waigizaji wengine, mmoja wao Charles Gray. Alifariki mwaka 1973.

Labda msomaji atauliza: Je, huo si udanganyifu, uso wa huyu na sauti ya yule? Twaona sivyo. Mwongo huficha ili apate kisicho chake. Lakini mwigizaji, tangu mwanzo, husema maneno yaliyotungwa na mwingine, na watazamaji walijua hivyo. Tena haikuwa kazi nyepesi. Aliyezoea kuigiza wakuu sasa alimhitaji mwenziwe kwa kila neno. Kutenda kwa nguvu zako kwataka bidii. Kutenda ukimtegemea mwingine kwataka unyenyekevu pia, nao ni mgumu zaidi.

Basi neno la wazee lasimama, lakini kwa masharti mawili: mhunzi akubali kusaidiwa, na wenzake wasimzimie moto. Wenye senema wangaliweza kumwambia akae nyumbani, nao walimpa nafasi.

Sharti hili la pili latuhusu sisi. Kiongozi wa waimbaji akipotewa na sauti, au seremala akitetemeka mikono, twamhurumia, kisha twampa mwingine kiti chake. Kumbe huenda sikio la yule lingali zima, na jicho la huyu laona ubao uliopinda kabla ya vijana kuuona. Kilichopotea ni kimoja. Haraka yetu yatupotezea na vile vilivyosalia.

Huruma imnyimayo mtu kazi aiwezayo bado haijawa huruma kamili. Kabla ya kumpumzisha mtu, tumwulize yeye mwenyewe bado aweza nini.